Penye Mafundi Hapakosi Wanafunzi: Tafakuri Kuhusu Mtandao wa Simu Uliokabidhiwa Wageni

Methali isemayo kwamba penye mafundi hapakosi wanafunzi hutajwa mno katika hotuba za siku za mahafali, hata imekuwa kama sarafu kongwe ambayo nakshi yake imesuguka. Wengi huichukua kuwa sifa ya fundi: kwamba mwenye ujuzi huvuta watu kama asali inavyovuta nyuki. Hata hivyo, ikitazamwa kwa makini, methali hii inahusu mahali kuliko mtu. Neno lake la kwanza ni 'penye'. Pale fundi anapofanyia kazi yake ndipo mwanafunzi anapozaliwa, kwa kuwa sehemu kubwa ya ujuzi wa mikono haiandikiki. Hupokewa kwa jicho, kwa sikio, na kwa kukosea mbele ya anayejua. Waundaji wa majahazi wa Matondoni, kisiwani Lamu, hawakuipata kazi yao kwa kusoma michoro. Kijana alishika ubao, akatumwa misumari, akatazama, akakemewa, na siku moja akaachiwa tezo. Lugha yenyewe inalishuhudia jambo hilo, maana 'fundi' na 'mwanafunzi' ni maneno ya mzizi mmoja, mzizi wa kufunda na kufunza.

Insha hii inaichukua methali hiyo kama kurunzi ya kumulikia jambo lililo mbali kidogo na majahazi: utaratibu ambao kwao kampuni za simu huzikabidhi kampuni nyingine, aghalabu za kigeni, kazi ya kuendesha na kutunza mitandao yao. Kiswahili hakijatulia juu ya neno moja la utaratibu huo. Wapo wasemao 'kutoa kazi nje', na wapo wasemao tu 'kandarasi'. Huenda kutotulia huko ni dalili ya jambo lenyewe, kwamba uamuzi mkubwa ulipita bila watu wengi kuujadili kwa lugha wanayoimudu. Swali ni hili: pakiwa na mnara, pakiwa na mteja, pakiwa na faida, lakini fundi aujuaye mtandao mzima akawa kwingine, mwanafunzi atatoka wapi?

Yafaa kwanza mtandao wenyewe ueleweke. Neno hilo linatokana na kitenzi 'tanda', kama wingu linavyotanda na kama utando wa buibui unavyotanda pembeni mwa dari. Mteja wa simu huona nyuzi chache tu za utando huo. Huona mnara, ambao jina lake, lililotoka katika Kiarabu, lilikuwa tangu kale jina la pale sauti ya mwadhini ilipotokea ili iwafikie walio mbali. Chini ya mnara pana kabati la mitambo ya redio, pana betri, mara nyingi pana jenereta ya dizeli, na pana mlinzi na kibanda chake. Mnara huunganishwa na mwenzake kwa mawimbi au kwa nyaya za kioo zipitishazo nuru, hadi kuufikia moyo wa mtandao, yaani tarakilishi kuu zinazojua kila simu iko wapi, nani ana salio, na nani anazungumza na nani.

Juu ya hayo yote pana chumba ambacho mteja hakioni kamwe. Humo wamo watu wanaokesha mbele ya viwambo wakisoma ishara za hatari. Stima ikipotea, betri ikilegea, kabati likipata joto kupita kiasi, au waya ukikatwa na wachimba barabara, ishara hutokea. Mwangalizi huandika hati ya hitilafu, huipa nambari, kisha humtuma fundi wa eneo hilo. Mtu akikaa katika chumba hicho kwa miaka mitano huwa ameujua mtandao kama mchungaji aijuavyo mifugo yake. Anajua ni mnara upi husumbua wakati wa masika, ni njia ipi hulemewa siku za sikukuu watu wote wanapopigiana simu za heri, na ni hitilafu ipi inayojitokeza Eldoret ilhali mzizi wake uko Nakuru. Chumba hicho ni kituo cha kazi na ni darasa kwa wakati mmoja, nacho ndicho hasa hukabidhiwa kandarasi inapotiwa sahihi.

Afrika Mashariki ilipata kuwa na darasa lake. Mwaka wa 1948, shirika la posta na simu la eneo hili lilianzisha shule kuu ya mafunzo huko Mbagathi, pembezoni mwa Nairobi. Humo vijana wa Kenya, Uganda na Tanganyika walifunzwa kuunga nyaya, kutunza mitambo ya kuunganishia simu, na kusoma michoro ya umeme. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka wa 1977, mali iligawanywa kwa ugomvi mkubwa, lakini ujuzi wa mafundi uligawanyika wenyewe kwa amani, kwa kuwa kila mmoja alikwenda nao kwao kichwani. Shule hiyo ilipitia mikono na majina kadhaa hadi ikawa Chuo Kikuu cha Multimedia cha Kenya, kilichopewa hati ya kujitegemea mwaka wa 2013.

Hakuna haja ya kuipamba enzi hiyo kwa maua isiyoyastahili. Chini ya shirika la serikali, raia wa kawaida aliweza kungoja miaka mingi kabla ya kupata simu ya waya, na aliyeipata aliweza kukaa wiki nzima akisikiliza mlio usio na uhai. Fundi alikuwapo, naam, ila huduma haikuwa ya kujivunia. Mwaka wa 1999, shirika hilo lilipopasuliwa likazaa Telkom Kenya, Posta, na tume ya kusimamia mawasiliano, wachache walilia. Mwaka uliofuata simu za mkononi zilianza kushindaniwa sokoni kwa dhati, na mambo yakageuka kwa kasi ambayo hakuna aliyeitabiri.

Kisa cha mtandao mmoja kinatosha kuwa mfano. Mwaka wa 2000 uliitwa Kencell, nao ulikuwa na mkono wa Wafaransa. Mwaka wa 2004 ukawa Celtel. Mwaka wa 2008 ukawa Zain, kwa kuwa mmiliki wake wa Kuwait alikuwa amebadili jina. Mwaka wa 2010 ukawa Airtel, baada ya kampuni ya Bharti ya India kununua mitandao ya Zain katika nchi 15 za Afrika kwa mapatano ya dola bilioni 10.7. Majina manne katika muda wa miaka kumi! Kuta za maduka zilipakwa rangi upya kila mara, na wenye maduka wakafurahia rangi ya bure. Minara iliendelea kusimama palepale.

Bharti haikuja Afrika mikono mitupu. Ilikuja na mbinu iliyoipa jina duniani. Mwaka wa 2004, ilipokuwa ikikua nchini India kwa kasi iliyoishinda kifedha, ilifanya jambo ambalo wengi waliliona kuwa wazimu: iliikabidhi Ericsson ya Uswidi sehemu kubwa ya mtandao wake, na ikaikabidhi IBM ya Marekani shughuli zake za tarakilishi kwa mkataba wa miaka kumi. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Kampuni ya simu, ilisema, kazi yake ni kumjua mteja na kumuuzia muda wa maongezi. Mitambo na iachiwe wanaoiunda. Tena malipo hayakufuata idadi ya masanduku yaliyonunuliwa. Yalifuata kiasi cha maongezi ambacho mitambo iliweza kubeba, kiasi kinachopimwa kwa kizio kiitwacho erlangi. Kwa njia hiyo muuzaji wa mitambo hakuwa tena na sababu ya kumlundikia mteja vyuma asivyovihitaji.

Mbinu hiyo iliitikiwa na soko. Kufikia mwaka wa 2009 Bharti ilikuwa imepita wateja milioni 100 wa simu za mkononi nchini India, na gharama ya maongezi huko ilikuwa miongoni mwa zile za chini kabisa duniani. Ilipoingia Afrika, iliurudia mwendo uleule. Mwaka wa 2010 IBM ilipewa kazi za tarakilishi katika nchi 16, huku vituo vya kupokea simu za wateja vikigawiwa kampuni nyingine. Mwaka wa 2011 kazi za mitandao yenyewe zikagawiwa Ericsson, Nokia Siemens Networks na Huawei. Hivyo kampuni ya India iliyonunua mitandao ya Afrika kutoka Kuwait ikawapa Waswidi, Wazungu wengine na Wachina waitunze. Utandawazi uliokuwa ukifafanuliwa kwa taabu katika madarasa ya nadharia ulikuwa umejifafanua wenyewe.

Insafu inadai kwamba mema ya utaratibu huu yatajwe kabla ya kuulaumu. Kidole kimoja hakivunji chawa, na kampuni inayoingia katika nchi kumi na tano kwa mkupuo haiwezi kuwa na mafundi wa kutosha kila mahali. Agosti 2010, tume ya mawasiliano ya Kenya iliposhusha ada ambayo mtandao mmoja huulipa mwingine kutoka shilingi 4.42 hadi shilingi 2.21 kwa dakika, Zain iliyokwisha kuwa mali ya Bharti ilishusha bei ya maongezi kutoka shilingi 6 hadi shilingi 3 kwa dakika. Washindani wake hawakuwa na budi kuteremsha zao. Bei hiyo haikutokana na kandarasi peke yake, lakini hesabu ya gharama nafuu iliyotoka India ndiyo iliyompa mnunuzi ujasiri wa kuianzisha vita hivyo. Mama mboga wa Gikomba aliyeweza kumuuliza mkulima wa Kinangop bei ya viazi kabla ya lori kuondoka alinufaika, na kumwambia kwamba alidhulumiwa ingekuwa kejeli.

Aidha, si kweli kwamba ni nchi maskini tu zinazowaachia wengine mitandao yao. Mwaka wa 2005 kampuni ya 3 ya Uingereza iliikabidhi Ericsson mtandao wake, na wafanyakazi wapatao 1,000 wakahamia kwa mwajiri mpya. Mwaka wa 2009 Sprint ya Marekani ilifanya vivyo hivyo, na waliohamishwa wakawa 6,000 hivi. Wala neno 'wageni' lisimpotoshe msomaji akadhani kuwa mnara wa Machakos hupandwa na Mswidi. Anayepanda ni Mkenya, na wengi walioajiriwa humu nchini na kampuni hizo za kigeni ni Wakenya hodari waliosoma kwa bidii. Kilicho cha kigeni ni zana anazotumia mwangalizi, taratibu anazofuata, kumbukumbu anazoandika, na yule ambaye mwishowe humwuliza ruhusa.

Basi kinachopotea ni nini? Kinachopotea hakimo katika mkataba, ndiyo maana hakuna anayekidai. Na amfikirie msomaji fundi wa eneo katika mpango kama huo. Aghalabu hakuajiriwa na kampuni ambayo jina lake limo kwenye kadi ya simu. Kampuni hiyo imeikabidhi kazi kampuni ya mitambo. Kampuni ya mitambo imeipa kazi ya minara kampuni ndogo ya humu nchini. Na kampuni ndogo imemchukua fundi kwa mkataba wa muda mfupi. Akiitwa usiku, huambiwa nambari ya mnara na kifaa cha kubadilisha. Anakwenda, anatoa kilichoharibika, anatia kipya, anapiga simu kuuliza kama ishara imezimika, kisha anarudi nyumbani. Kilichoharibika kinasafirishwa kwingine kikafunguliwe na mtu mwingine. Fundi wetu ametenda kazi yote ila ile ya kujua kwa nini. Mwaka wa kumi wa kazi yake unaweza kufanana na mwaka wake wa kwanza, na kijana anayemfuata na begi la spana hapati cha kurithi isipokuwa njia ya kufika mnarani.

Lipo pia suala la vipimo. Mikataba ya aina hii husimama juu ya nambari, na nambari inayopendwa mno ni asilimia 99.9 ya muda ambao mtandao unapaswa kuwa hewani. Nambari hiyo inapendeza masikioni. Kwa mnara mmoja, maana yake ni kuruhusiwa kuzimika kwa muda wa saa 8 na dakika 45 hivi kwa mwaka mzima. Lakini na tuchukue, kwa mfano, mtandao wa minara 1,000 unaopimwa kwa wastani. Minara 999 ikifanya kazi bila dosari na mmoja ukafa mwaka mzima, wastani bado ni asilimia 99.9 kamili. Mkandarasi hatakuwa amevunja sharti. Endapo mnara huo mmoja uko Westlands, jirani zake watawabeba wateja wake. Endapo uko katika kijiji cha Turkana ambako hakuna mwingine, basi kijiji kizima kimefutwa katika mawasiliano kwa mwaka mmoja, na ripoti ya mwisho wa mwaka imeandikwa kwa wino wa kijani. Mikataba makini huweka vifungu vya kulizuia jambo hilo, kwa kuipima minara kwa makundi au mmoja mmoja. Hata hivyo, vifungu hivyo huandikwa na mtu anayekijua kijiji hicho, na anayeweza kuisoma ripoti akatambua kilichofichwa na wastani. Kampuni iliyowaaga mafundi wake wote haina tena msomaji wa namna hiyo.

Msomaji na akikumbuke kile kizio cha erlangi, kwa kuwa historia yake ina fumbo. Kilipewa jina la Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmaki aliyeishi kati ya 1878 na 1929. Mwaka wa 1908 Erlang aliajiriwa na kampuni ya simu ya Copenhagen, na mwaka wa 1909 akachapisha makala yake ya kwanza kuhusu hisabati ya maongezi ya simu: ni nyaya ngapi zinatosha ili watu wasigongane, ikiwa simu huingia bila mpango. Aliitumikia kampuni hiyo kwa takriban miaka ishirini, na wasifu wake husimulia jinsi alivyoshuka hata kwenye mashimo ya nyaya barabarani ili apime kwa mikono yake. Hesabu zake hutumiwa hadi leo. Kwa hiyo kizio kinachotumiwa kuwalipa wakandarasi wa ng'ambo kilizaliwa ndani ya kampuni ya simu iliyomlipa mtu wake mwenyewe aukodolee macho mtandao wake yenyewe. Laiti kampuni ya Copenhagen ingaliwakabidhi wengine mtandao wake mwaka wa 1908, Erlang angalikuwa mwalimu mwema wa hisabati, na pengine dunia ingalimngoja mwingine.

Mambo mengine mawili ya Ulaya yanafaa kukumbukwa. Desemba 6, 2018, wateja wa O2 nchini Uingereza, pamoja na wale wa kampuni zilizopanga katika mtandao huo, waliamka na kukuta intaneti ya simu imekatika. Jumla yao ilikuwa kiasi cha milioni 32. Siku hiyohiyo SoftBank ya Japani ilipatwa na masaibu kama hayo. Chanzo hakikuwa kimbunga wala vita. Cheti cha kidijitali kilichokuwa ndani ya programu ya Ericsson kilikuwa kimepitwa na tarehe yake. Mamilioni ya watu katika mabara mawili walinyamazishwa na tarehe iliyosahauliwa ndani ya programu ambayo kampuni zao za simu hazikuiandika.

La pili ni la Uholanzi. Mwaka wa 2010 kampuni ya KPN, iliyokuwa ikitumia mitambo na mafundi wa Huawei, iliagiza uchunguzi wa siri. Aprili 2021 gazeti la de Volkskrant liliifichua ripoti yake: ilionya kwamba wafanyakazi wa Huawei wangeweza kuyafikia mazungumzo ya wateja bila KPN kujua. Huawei ilikana kufanya lolote la aina hiyo, nayo KPN ikasema haikuona ushahidi kwamba siri za wateja ziliibwa. Msomaji anaruhusiwa kuamini kukana huko. Lililo muhimu zaidi ni lile ambalo KPN yenyewe ilieleza, kwamba baada ya kupima hatari iliamua kutoukabidhi mtu mwingine utunzaji wote wa moyo wa mtandao wake, na ikaendelea kuutunza yenyewe. Uholanzi si nchi maskini wala yenye woga wa biashara. Ilijifunza tu kwamba kuna chumba ambacho ufunguo wake hauazimwi.

Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuuliza hayo yote yanamhusu nini. Yanamhusu kwa sababu lugha hufuata kazi. Baharini Kiswahili kina foromali, mkuku, demani, ngama na joshi, kwa kuwa Waswahili waliviunda vyombo wenyewe, wakaviendesha wenyewe, na ilipotokea dhoruba waliamua wenyewe la kufanya. Hakuna kamati iliyoketi kuyabuni maneno hayo. Yalizaliwa katika midomo ya watu waliokuwa na haraka ya kuelewana. Katika simu, Kiswahili kimefika hadi kiganja cha mteja na kukomea hapo. Kuna salio, kifurushi, wakala, kutuma na kutoa. Mteja wa M-Pesa aliyechagua Kiswahili hupokea ujumbe wenye neno 'Imethibitishwa', na neno hilo la mnyambuliko mrefu, ambalo zamani lilikuwa la mahakama na la darasa la sarufi, sasa linasomwa na wavuvi na wachuuzi. Ni ushindi usiopaswa kubezwa. Lakini katika chumba cha uangalizi, ishara ya hatari, hati ya hitilafu, mwongozo wa kazi na ripoti ya mwezi haviandikwi kwa Kiswahili. Lugha imekaribishwa sebuleni, jikoni haijaingia.

Tangu Katiba ya 2010, Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi ya Kenya. Vyama na vyuo vimefanya kazi njema ya kuunda istilahi, na makongamano hayajapungua. Hata hivyo, istilahi iliyoundwa mezani kwa ajili ya kazi inayoamuliwa ng'ambo hufanana na vazi lililoshonwa kwa ajili ya mtu asiyekuwapo. Wanaisimu hulaumiana kuwa neno fulani halikukubalika, kwamba 'rununu' imeishinda 'simutamba' au kwamba zote mbili zimeshindwa na 'simu'. Lawama hiyo inawaelekea wasiohusika. Neno hukubalika pale linapohitajiwa na mtu mwenye kazi mkononi. Wanaosema kwamba Kiswahili hakiwezi kuwa lugha ya sayansi na wanaosema kwamba kinaweza wanalisahau swali linalotangulia, yaani kama wasemaji wake wanaishika hiyo sayansi au wanaletewa ikiwa imefungwa.

Kwamba mambo yanaweza kurejea nyumbani, M-Pesa yenyewe ni ushahidi. Huduma hiyo ilizinduliwa Kenya mnamo Machi 2007, ikabeba jina lenye neno la Kiswahili, ikasifiwa ulimwenguni kote kuwa ubunifu wa Kenya. Ilhali kwa miaka minane mitambo yake mikuu ilikuwa Ujerumani. Mtu wa Kakamega aliyemtumia mamake shilingi mia tano umbali wa kilomita ishirini aliipitisha amri yake Ulaya kwanza. Mwaka wa 2015 mitambo hiyo ilihamishiwa Kenya. Mwaka wa 2020 Safaricom na Vodacom zikakamilisha ununuzi wa haki za M-Pesa kutoka kwa Vodafone, ili uamuzi juu ya mwelekeo wake ufanyiwe Afrika. Programu inayoiendesha bado ilitoka kwa waundaji wa kigeni, na hilo si dhambi. Hakuna nchi inayojiundia kila kitu. Ila moyo ulisogezwa karibu na mwili, na vijana wa humu nchini wakapata mtambo wa kuukaribia.

India nako, mkataba wa Bharti na IBM ulipotimiza miaka yake kumi mnamo 2014, ulihuishwa ukiwa umepunguzwa, si kama ulivyokuwa. Aliyeitangaza mbinu hiyo duniani naye aliona kuwa si kila kitu cha kukabidhi. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wazee, na mikataba ya miaka mitano, saba au kumi ni misala ipitayo.

Kutokana na hayo, hoja ya insha hii haidai kwamba wageni wafukuzwe. Inadai kwamba kila mkataba wa aina hii uulizwe maswali ambayo mhasibu hayaulizi. Je, chumba cha uangalizi kina viti vya wafanyakazi wa kampuni yenyewe, wenye haki ya kuona kila kinachoonekana na mkandarasi? Je, kumbukumbu za hitilafu ni mali ya nani siku mkandarasi akiondoka? Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la mtandao ni zile hati za hitilafu za miaka yote. Je, kifaa kilichoharibika kinaweza kufunguliwa humu nchini hata kimoja kati ya kumi, mbele ya wanafunzi wa vyuo vya ufundi? Je, ripoti inautaja kila mnara wa pembezoni kwa jina lake, au imeuzika katika wastani? Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya hupima ubora wa huduma kwa wateja. Hakuna ubaya ikipima pia ni kiasi gani cha ujuzi kimebaki.

Idara za Kiswahili nazo zina sehemu yao, na si ya kuandika mapendekezo tu. Mafundi wapandao minara wanasemezana kila siku, kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za kwao, kuhusu betri, mawimbi, radi na nyuki waliotaga nta ndani ya kabati. Ni nadra mtu kuwafuata na daftari akaandika wanavyosema. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu angeweza kuiacha kwa muda riwaya ambayo tayari imechambuliwa mara ishirini, akaenda chini ya mnara akasikiliza. Atakuta pengine maneno machache kuliko alivyotarajia, na uchache huo nao ni matokeo ya utafiti: utamwonyesha barabara pale ambapo ujuzi unakomea.

Ipo siku mkataba hufika ukingoni, au kampuni ya ng'ambo huunganishwa na nyingine, au mataifa makubwa hugombana na vipuri vikakataliwa bandarini. Siku hiyo mtu fulani atafungua chumba cha uangalizi na kukuta viwambo vinawaka kwa ishara mia mbili kwa pamoja. Itabidi aseme ipi ni ya kwanza na ipi ni matokeo tu ya nyingine. Mtu huyo hafundishwi kwa wiki moja. Ikiwa atahitajika baada ya miaka kumi, inapasa awe ameketi leo, kijana, kando ya fundi.